Hakimu aliepewa kesi yetu ndo shemeji mtarajiwa wa binti yangu, ninyamaze?

Shangazi shikamoo. Mie ni msomaji wako wa hapa Tanga, Ngamiani, kukusoma nakusoma sana ila kuandika sijawahi, leo imebidi manake usiku silali na nyumbani sina wa kumwambia, kila nikiigusa hii habari naambiwa nyamaza wewe utatuharibia.

Baba yetu kafariki mwaka juzi, Mungu amrehemu. Alikua na wake wawili. Sisi wa mke mkubwa tuko watatu, kaka zangu wawili na mie, na bi mdogo ana wanne. Kaka yetu mkubwa ndo aliepitishwa na kikao cha ukoo akaenda mahakama ya mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi, kwenye orodha ya mali akaandika shamba la michungwa la Muheza, nyumba tulokulia sisi, na nyumba ya pili anayokaa bi mdogo. Hapo ndo moto ulipowaka. Bi mdogo na wanae wakaweka pingamizi, wanasema ile nyumba ya pili sio ya marehemu, kiwanja kanunua bi mdogo kwa hela yake ya vitumbua, baba kasaidia kuezeka tu. Shangazi kusema kweli bi mdogo nimemuona anauza vitumbua tangu niko shule ya msingi, alfajiri tunapita na madaftari tunamkuta na karai lake na moshi unamtoa machozi, lakini hati ina jina la baba na kaka anasema hati ndo hati, maneno mengine hadithi.

Hakimu wa kwanza alihamishwa kabla hata shahidi mmoja hajasimama. Faili likakaa weee, mpaka mwezi uliopita tukaitwa tukaambiwa kuna hakimu mpya kapangiwa. Nikaenda na kaka. Ile hakimu anaingia tunasimama, mie miguu ikaisha nguvu.

Ngoja nikueleze kwanza. Binti yangu kaposwa, posa imetoka familia moja ya Chumbageni, watu wa heshima zao. Siku ile wanaume wako sebuleni, sie wanawake ndani, mie nachungulia penye pazia huku napanga vikombe vya kahawa na sahani za visheti. Alieongea kwa niaba yao ni kaka mkubwa wa kijana, kavaa kanzu na kofia yake ya viua, mpole, maneno anayapanga vizuri, barua ya posa iko kwenye sinia dogo imefunikwa kitambaa na bahasha ya kifungua mdomo pembeni. Mume wangu na huyu huyu kaka yangu ndo walimpokea. Tuliambiwa anafanya kazi serikalini, hatukuuliza zaidi, nani anauliza siku ya posa. Jibu tumeshatoa, mahari imepangwa, nusu imeshaletwa, ndoa baada ya Idi inshallah.

Basi huyo kaka wa muoaji ndo hakimu wetu. Kavaa suti ila sura ile ile, sauti ile ile.

Mie sidhani kama alinijua, nilikua na nikabu na hata siku ya posa hakuniona. Lakini kaka yangu alisimama mbele yake akataja jina lake kamili. Kaka anasema hakimu alimuangalia kidogo akatabasamu, mie nilikua nyuma sikuona tabasamu, niliona tu kainamisha kichwa anaandika, akapanga tarehe ya kusikilizwa, akaita kesi nyingine. Bi mdogo na wanae hawajui kitu, na habari za posa hawana manake tangu pingamizi hatutembeleani.

Tulivyotoka nje kaka kanishika mkono kanambia dada hii bahati, hatukuiomba, imekuja yenyewe, sa wewe funga mdomo wako. Nikamwambia mbona naona kama sio sawa, akaja juu, ati mbona mzee wa baraza mmoja, wale wanaokaa na hakimu kusikiliza kesi, anaswali msikiti mmoja na wanae bi mdogo na hakuna aliesema kitu, ati na wao wana mtu wao. Kaka wa pili nae hivo hivo. Mume wangu anaogopa posa isivunjike. Mama mdogo yeye kashauri niende kwa huyo hakimu nyumbani usiku na sinia la kitu chochote nimueleze taratibu kikubwa, atajua mwenyewe la kufanya. Na Ramadhani hiyo inakuja, nategemewa nipeleke futari kwa wakwe.

Sasa shangazi naomba unisaidie. Hili jambo la kusema ni langu au ni lake yeye hakimu? Nikisema si ntakua nimemshtaki kua mla rushwa wakati mie sina ubaya nae hata kidogo? Na tukinyamaza tukashinda, itakua halali yetu? Mie ni mama nataka binti yangu aolewe kwa amani na nataka haki ya baba yetu ipatikane, ila nahisi hivi viwili vimeshikana pabaya.

Mama Bi harusi, Ngamiani.

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa posa, hilo tuanze nalo manake naona katikati ya haya yote hakuna aliekupa hongera.

Jibu fupi: usinyamaze. Jibu refu ndo hili, vumilia nina maneno mengi kwa vile masjala ya mahakama nimekaa miaka na mambo ya hivi yamepita mbele ya meza yangu, mengine yakaisha vizuri mengine watu hawasalimiani mpaka leo.

Wajibu wa kusema ulianza kua wa hakimu. Yeye ndo alietakiwa, siku ile ile kaka yako alivyotaja jina, aseme mbele ya pande zote kwamba jamani huyu mtu namfahamu, mdogo wangu anaoa kwao, naomba faili hili lirudi lipangiwe mwenzangu. Dakika mbili tu. Kanuni za maadili za maafisa wa mahakama za mwaka 2020 zinamtaka ajitoe penye mgongano wa maslahi, na zile kanuni za Bangalore za 2002 ambazo mahakama nyingi duniani zinaziangalia zinasema hakimu ajitoe sio tu pale asipoweza kuamua bila upendeleo, hata pale mtu mwenye akili timamu anaetazama kwa nje anaweza kuona hivyo. Sasa kwanini hakusema sijui na wewe hujui. Inawezekana kweli hakumkumbuka, hakimu wa mahakama ya mwanzo kwa siku anasimamishiwa watu wengi, wa matunzo ya watoto, wa kuku kaibiwa, wa mkopo, mpaka sura zinamchanganyikia, na siku ya posa macho yanakua kwenye barua sio kwenye sura za wenyeji. Inawezekana alimkumbuka akasema ngoja nikafikirie. Hilo tabasamu analolisema kaka yako usilibebe, limeonekana na mtu mmoja na mtu huyo ndo anaelitaka.

Ila hakimu asiposema haina maana wewe umeachiliwa. Ustadhi yeyote hapo mtaani atakufungulia Suratun Nisaa aya ya 135, inataka watu wasimamie uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zao, wazazi na jamaa zao. Hiyo ni upande wa dini, nakuachia wewe na Mola wako. Mie narudi kwenye sheria.

Mahakama yetu ya Rufani ilishalizungumza hili wazi kabisa kwenye kesi ya Rugaimukamu na Mkuu wa Jeshi la Polisi, rufaa ya madai namba 13 ya 1999, na mpaka leo kila hakimu akiombwa ajitoe utaona anaitaja. Ilisema jaji au hakimu anaweza kukataliwa kihalali kama kuna ushahidi wa uhasama kati yake na mwenye kesi, au kama ana uhusiano wa karibu na upande wa pili, au kama yeye au mtu wa familia yake ya karibu ana maslahi kwenye matokeo ya kesi. Halafu ikaongeza, na hapa kaka yako asome mara mbili, kwamba hakimu asiombwe ajitoe kwa hofu za kufikirika zisizo na kichwa wala miguu.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya bi mdogo. Jikaze tu ujiweke. Umekaa benchi la mahakama, nyumba unayokaa ndo inayogombewa, halafu hukumu ikishatoka unakuja kusikia kwamba hakimu alikua ndo msemaji wa posa kwa wapinzani wako, alikunywa kahawa yao, na mwezi mmoja baadae mdogo wake kamuoa mtoto wao. Utaamini kitu hapo? Hata kama hukumu ile ilikua safi kama maji ya kisima, huamini. Kaka yako atasema ndoa haijafungwa bado kwa hiyo hakuna undugu, na akitafuta wakili mjanja anaweza akalipinda hilo, lakini mahari nusu imeshaliwa bwana, huyo hakimu na nyinyi mshakua watu wa nyumba moja. Na zaidi ya hapo, ukiwaza vizuri, ile nyumba ikiingia kwenye mirathi wewe unapata fungu, na la kwako kesho ni la binti yako, yani mke wa mdogo wake hakimu. Mie naliona liko karibu sana.

Umeuliza kama kusema ni sawa na kumuita mla rushwa. Sio, na hapa ndo watu wengi wanakwama, mpaka mahakimu wenyewe wengine wakiambiwa wajitoe wanavimba kama wametukanwa. Nikupe kisa cha Uingereza ambacho nakipenda kwa sababu aliekua na tatizo hakua hata hakimu, alikua karani kama mie. Kulikua na bwana mmoja wa pikipiki kule Sussex kagonga, akashtakiwa kwa kuendesha vibaya. Karani alieingia na mahakimu siku ile, ofisi yake ya uwakili ndo ilikua inamsimamia aliegongwa kwenye madai ya fidia dhidi ya huyo huyo wa pikipiki. Mahakimu walivyoingia chumba cha ndani kushauriana karani akaingia nao, na inasemwa wazi kwamba hawakumuuliza kitu na yeye hakufungua mdomo, wakatoka wakamtia hatiani wakampiga faini ya pauni 10. Kesi ikapanda juu mwaka 1923, Jaji Mkuu Lord Hewart akaifuta. Akasema haitoshi haki kutendeka, lazima ionekane waziwazi bila shaka yoyote kwamba imetendeka. Hakuna aliesema karani kapokea chochote, hakuna aliesema mahakimu wabaya. Shida ilikua ni pale alipokaa.

Na hapa kwetu si mliona wenyewe, kesi ya Mbowe, aliekua mwenyekiti wa Chadema, na wenzake Mahakama Kuu Dar, Septemba 2021 washtakiwa walisema hawana imani na Jaji Elinaza Luvanda, akajitoa. Ikaenda kwa Jaji Mustapha Siyani, nae Oktoba akaiacha kwa vile aliteuliwa Jaji Kiongozi, ikachukuliwa na Jaji Joachim Tiganga. Jaji anabadilika, kesi inaendelea, na hakuna aliekufa kwa aibu. Afadhali sisi kuliko wakubwa wengine, Marekani mahakama yao ya juu kabisa ndo kwanza Novemba 2023 ikajiandikia kanuni za maadili, na kule jaji akigoma kujitoa hakuna mwingine wa kumtoa, anajiamulia mwenyewe. Lakini tuyaache hayo.

Tuje kwa kaka yako na bahati yake. Mwambie atafute habari za Pinochet, yule aliekua mtawala wa Chile. Alikamatwa London mwaka 1998, Hispania inamtaka, ikabidi majaji watano wa juu kabisa Uingereza waamue kama ana kinga ya kutoshtakiwa au hana. Novemba 25 wakaamua, watatu kwa wawili, hana kinga. Watu walioteseka kwa mikono ya utawala wake wakalia kwa furaha. Kumbe mmoja kati ya wale watatu, Lord Hoffmann, alikua mkurugenzi na mwenyekiti wa taasisi ya hisani iliyo chini ya Amnesty International, lile shirika la kutetea haki za binadamu, na Amnesty wenyewe waliruhusiwa kuingia kwenye kesi ile kumpinga Pinochet, na hakuwaambia wenye kesi. Desemba 17 uamuzi wote ukatupwa. Wakakaa majaji saba, wakasikiliza upya, Machi 24 mwaka 1999 wakaamua, na tena Pinochet hakuipata kinga ile aliyoitaka. Yani kura ya Hoffmann haikuhitajika hata. Wangeweza kushinda mara moja tu na yakaisha, badala yake ikapotea miezi na gharama na kila mtu akaachwa na neno la kusema.

Kaka yako akishinda mbele ya hakimu huyu atakua ameshinda nini? Hapa Tanga ni mji gani wa kuficha harusi? Siku ya kupeleka begi tu mtaa mzima unajua nani kaja na nani, picha ziko wasapu kabla wali haujaiva. Bi mdogo akishapata picha moja ya hakimu kasimama na bwana harusi, anayo siku 30 tangu hukumu kukata rufaa mahakama ya wilaya, na hakimu wa wilaya hatahangaika sana na hati wala vitumbua, ataanzia hapo hapo. Hukumu ikifutwa mnarudi mwanzo, nauli upya, mashahidi upya na wazee wengine hao washakufa, na safari hii mnarudi mkiwa na jina la waficha mambo. Sasa hivi hakuna shahidi hata mmoja aliesimama, kwa hiyo kubadilisha hakimu hakuwapotezei kitu zaidi ya muda kidogo. Ikishafika katikati ndo inauma.

Kuhusu yule mzee wa baraza anaeswali na wanae bi mdogo. Hapo kaka yako anachanganya mafaili. Kuswali msikiti mmoja, kutoka kabila moja, kusoma shule moja, kukutana kwenye msiba, hivyo peke yake sio sababu, ndo zile hofu za kufikirika nilizokwambia. Tukienda hivyo Tanga nzima hatupati wa kutuamua, manake Mdigo, Msambaa, Mbondei, Mzigua, Mwarabu, ukifukua vizazi viwili unakuta wote wana bibi mmoja, na asiekua ndugu ni mtani. Na hakimu kukukatalia ahirisho au kukupigia kelele ukae chini nayo sio sababu, watu wengi wanakimbilia kumkataa hakimu kwa vile tu kaamua jambo dogo dhidi yao, hiyo ni kununa tu. Ila kama huyo mzee wa baraza mna kitu kizito juu yake, mfano anadaiwa na bi mdogo au ana mtoto kaoa pale, semeni nalo wazi siku hiyo hiyo. Mkikaa nalo mfukoni mkasubiri mshindwe ndo mlitoe, mahakama itawauliza mlikua wapi.

Sasa namna ya kusema, na hapa nakuomba unifuate neno kwa neno.

Usiende nyumbani kwake. Mama mdogo wako ana nia njema lakini ushauri wake ndo mbaya kuliko wote uloniandikia, hata kunyamaza kuna nafuu. Upande mmoja kuonana na hakimu peke yake kuzungumza kesi, usiku, na sinia mkononi, hilo likionekana hakuna atakaeamini ulikwenda kumwambia ajitoe, hata mie nisingeamini. Usimtumie meseji, usipige simu, usimtume mshenga, usimtume kijana mwenyewe muoaji, na binti yako mwambie asimuingize mchumba wake kwenye hili hata kwa utani. Kila neno la kesi lipite mahakamani, bi mdogo akiwa anasikia.

Andikeni barua fupi, karatasi moja, ya Kiswahili cha kawaida tu. Iandikwe kwa jina la kaka yako kama msimamizi, na akigoma we ni mrithi na jina lako limo, andika wewe. Weka namba ya shauri juu. Sema kwamba baada ya faili kupangwa upya mmegundua mheshimiwa ni kaka wa kijana aliemposa binti wa mmoja wa warithi, kwamba hamna malalamiko yoyote juu ya mwenendo wake, na mnaomba jambo hili liwekwe wazi kwa pande zote na shauri lipangiwe hakimu mwingine. Hayo yanatosha. Usiandike kahawa, usiandike tabasamu, usiandike kiasi cha mahari. Toa kopi tatu, moja ya mahakama, moja ya bi mdogo, moja yako, na hiyo yako usiondoke nayo masjala mpaka igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, nimeona barua nyingi zinapotea kwa mtu kuona aibu kudai muhuri. Kisha siku ya kesi kaka yako au wewe asimame aseme tena kwa mdomo, mheshimiwa kabla hatujaanza kuna barua tumeleta, tunaomba iingie kwenye kumbukumbu. Lazima iandikwe kwenye mwenendo wa shauri, jambo ambalo halijaandikwa pale huko juu ni kama halikusemwa.

Mie naamini atajitoa, na pengine atashukuru mmemrahisishia. Akikataa atatakiwa aseme sababu zake na ziandikwe, mtaendelea kwa heshima, na mahakama ya wilaya inayo mamlaka kabla ya hukumu kuhamishia shauri kwake au kwa hakimu mwingine, mnaweza kuomba hivyo. Je kama bi mdogo akisikia akasema mie sina neno huyu huyu aendelee? Inapunguza makali, manake kakubali huku anajua. Mie bado ningependa abadilike, watoto wanne wa mama mmoja hawatakua na kauli moja siku zote. Kuna zile kamati za maadili ya maafisa wa mahakama, ya wilaya mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya na ndo inayopokea malalamiko ya mahakimu wa mahakama za mwanzo, mtu atawatajia, lakini huko ni kwa hakimu aliekosa maadili, sio njia ya kubadilisha hakimu wa kesi. Msiende huko kwa hili, huyu bwana hajawakosea kitu mpaka sasa.

Posa. Mume wako anaogopa itavunjika, mie nauliza itavunjwa na nani? Familia inayovunja posa kwa sababu mmemuepusha mtoto wao mkubwa na kashfa kazini kwake, heri muijue sasa hivi. Hakimu mwenye akili anajua faili kama hili lingeweza kumla yeye kabla halijawala nyinyi. Ndoa isisogezwe mbele wala nyuma kwa ajili ya kesi. Na futari peleka, ni ada na huwezi kuwaacha wakwe hivi hivi, ila ipeleke nyumbani kwa mama wa kijana, isiende kwa hakimu kama anakaa nyumba yake, na isiwe na chochote zaidi ya futari, wala bahasha wala khanga, mpaka faili liwe limeshatoka mkononi mwake. Kama anakaa kwa mama yake hapo hapo basi subiri, waambie wakwe tutaleta sikukuu, watakuelewa wakishaiona barua.

Kuna kitu kimoja hukukiuliza lakini umekiandika mwenyewe, karai la bi mdogo na moshi wa alfajiri. Hakuna aliekulazimisha uniandikie hilo. Hati ina uzito, sikatai, lakini mahakama inaruhusiwa kusikia nani alilipa kiwanja na nani alijenga, na mashahidi wa alfajiri zile hawajaisha wote. Sikwambii muachie nyumba. Nakwambia kabla kesi haijaanza kusikilizwa kwa hakimu mwingine, kaeni kikao kimoja na wale watoto, bila kaka zako kupiga meza, muone kama suluhu ipo, mkikubaliana mnaipeleka mahakamani inasajiliwa na yanaisha. Msipokubaliana basi, hakimu mpya yupo.

Barua ipeleke wiki hii. Usisubiri asubuhi ya siku ya kesi, masjala siku hizo foleni inafika nje na karani hana muda wa kukutafutia faili.